Moto Aliokataa Kuuwasha Nanyama

Nanyama alikuwa mwanamke wa kimo cha kawaida, ila akikasirika alifika darini. Asiyeamini aende Wandegeya, Kampala, kwenye kibanda alichopikia chapati miaka thelathini na ushei, aangalie masizi ya juu: kuna mahali pamefutika, pana kama kichwa cha mtu. Hakukanyaga darasa hata siku moja, na ukimwonea huruma kwa hilo alikuuliza wewe uliyesoma umekula nini asubuhi, na kwa nini umekuja kukila kwake.

Kiapo alikula kimoja tu maisha yake yote, na alikila kwa sababu ya koti la mwanamume.

Mumewe, Wandera, Msamia wa Funyula upande wa Kenya, alikuwa fundi wa magari pale Nakivubo, Kampala. Vita vilipokwisha mwaka wa themanini na sita, watu wengi bado waliiogopa Kampala kama shimo la nyoka. Nanyama akasema mwanamume akikaa peke yake na mashine atasahau kusema. Akafunga mizigo, akamtia Cleopas mbele, Celestine kando, na Taaka, kitinda mimba asiyekuwa na jino hata moja, mgongoni, akavuka mpaka kumfuata baba yao. Njiani kulikuwa na vizuizi vya askari kumi na vinne. Kwenye kila kizuizi aliulizwa amebeba nini, naye akafunua beseni la chapati. Alipofika Kampala beseni lilikuwa tupu, na yasemekana nyuma yake jeshi zima lilikuwa limelala usingizi wa shibe, hata magendo yakapita siku mbili bila kuulizwa.

Waliishi pamoja mwaka mmoja na miezi kidogo. Homa ikamshika Wandera, siku ya tisa akaondoka. Nanyama akamrudisha Funyula juu ya lori, akamzika kwao kama inavyotakiwa, akakaa matanga.

Siku ya nne ya matanga akaja Egesa, mdogo wake marehemu. Hakusema neno. Alivua koti lake la sufu, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa mjane, akatoka. Enzi zile, kwa watu wa pale, hilo lilitosha. Koti la shemeji likilala ndani mpaka asubuhi, mjane ameshaolewa. Hapana harusi, hapana swali, na watoto wote wamepata baba.

Nanyama hakungoja asubuhi. Alilitungua lile koti jua likiwa bado juu, akatoka nalo uani, akamkamata beberu wa Egesa mwenyewe, akamvika. Akamfunga vifungo vyote, hata kile cha juu ambacho Egesa alikuwa hakifungi kwa sababu ya shingo. Beberu akazunguka kijiji kizima na koti lake. Wazee watatu walimwamkia. Mmoja wao alirudi nyumbani akilalamika kwamba tangu Egesa afiwe na kaka yake amekuwa na maringo, hajibu salamu, anatafuna tu.

Egesa alilipata koti lake likiwa limeliwa mkono mmoja. Akaja mbele ya watu akasema kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi:

"Nenda zako Kampala. Ila hapa utarudi. Usiporudi kwa miguu yako, utarudi umelala."

Kila mtu alielewa. Mke huzikwa kushoto kwa mumewe, afie wapi, afie lini, na ukoo ndio unaokwenda kumchukua. Nanyama hakuwa na ugomvi na Wandera. Angelala kushoto kwake au kulia kwake, au hata miguuni. Ugomvi wake ulikuwa kwamba ardhi ile ilikuwa ya Egesa sasa, na kulala pale kungekuwa kulala chini ya koti. Akajibu kwamba hata mfupa wake mmoja hautamrudia. Hapo ndipo alipoapa, na mwanzoni kilikuwa kiapo cha hasira tu.

Aliporudi Kampala alipanga chumba bondeni, nyuma ya soko la Wandegeya. Jirani ukuta kwa ukuta alikuwa Kaltumi, Mnubi, mjukuu wa askari walioletwa na Waingereza zamani kutoka Sudani. Mumewe Kaltumi alikuwa jeshini, akapotea serikali zilipokuwa zinabadilishana. Watu walimwambia Kaltumi naye arudi kwao, yaani Sudani, nchi ambayo hajawahi kuiona hata kwenye picha. Yeye aliendelea kusuka makawa yake ya rangi nyekundu na zambarau mlangoni, akiwauliza hao watu kama wao kwao ni wapi, na wanaondoka lini. Wawili hao walipendana siku ile ile. Waligombana kila Ijumaa kuhusu moshi na kupatana kila Jumamosi kuhusu wengine wote.

Taaka alipofika miaka mitatu, surua ikapita bondeni. Haikumruka.

Nanyama akasahau kiapo. Hilo watu wengi hawalijui. Akiwa na mtoto wake amelala kwenye mkeka, alimwambia Cleopas, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aandike barua kwa baba yake mdogo, dereva wa basi la asubuhi aipeleke: tunaomba tumlete mtoto alale karibu na baba yake. Jibu lilirudi na basi lile lile, kwa mdomo wa dereva, ambaye aliona haya hata akalisema akiangalia matairi. Egesa amesema mtoto wa mwanamke aliyemvika mbuzi hana udongo hapa.

Basi Taaka alizikwa Kampala. Kulikuwa na kanisa dogo upande wa chini wa kilima cha Naguru, na katekista wake alikuwa mnunuzi wa chapati. Aliwapa sehemu pembeni, kwenye ua wa michongoma. Kaltumi alitoa gurbaba yake, shuka la heshima la wanawake wa Kinubi, lile alilokuwa amelidarizi miezi minne kwa ajili ya arusi ya mpwa wake, wakamfunika nalo mtoto wa Kikristo, na hakuna aliyeuliza kama inafaa. Cleopas alishika sanduku upande wa kichwa.

Walipomaliza, Nanyama alilala chini kando ya kaburi, chali, mikono ubavuni, akamwambia katekista: "Pima." Katekista hakuwa na cha kupimia. Akatafuta matofali manne, akaweka mawili kichwani na mawili miguuni. Nanyama akainuka na udongo mgongoni, akatembea nao hivyo hivyo mpaka Wandegeya, na siku hiyo hakuufuta.

Kutoka hapo hakikuwa tena kiapo cha hasira. Alikuwa na mahali.

Alipalinda kama ghala. Miaka kadhaa baadaye alikuja padri mpya mwenye ramani, akataka kujenga vyoo vya kanisa upande ule wa michongoma. Nanyama alihamisha jiko lake la mkaa, beseni na kibao, akakaa katikati ya yale matofali manne akakaanga chapati siku tatu. Waumini walikuja misa wakaishia pembeni. Siku ya tatu, wanasema, hata mahubiri yalinukia mafuta. Padri akatoka, akala mbili, akakunja ramani, na vyoo vikajengwa upande wa pili.

Kuhusu chapati zenyewe hakuna haja ya kutia chumvi. Zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mwanafunzi aliweza kulifunika daftari lake kwa chapati moja akaendelea kusoma. Alizifunga kwa karatasi zilizoharibika kwenye maduka ya kuchapa, kurasa za tasnifu zilizokosewa, kwa hiyo chuo kikuu kizima cha jirani kilikula elimu yake na maharagwe. Leo kuna mawaziri na madaktari waliolelewa na mkono ule. Wakipita na magari yao ya vioo vyeusi walikuwa wanashusha kioo, na yeye aliwauliza wakubwa hao kama wameoga.

Kwa moto ule ule alimsomesha Cleopas mpaka akawa karani wa kampuni ya malori, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Alimwoza Celestine kwa kijana mmoja wa Busia, na miaka mitatu baadaye Celestine alirudi na mbavu zimeumia na mtoto mchanga, Moreen, amefungwa kwenye taulo. Yule mume alikuja kudai mke. Nanyama alikuwa anasukuma chapati, akamfuata na ule ule mti wa kusukumia. Jamaa alivuka barabara ya Bombo bila kuangalia kulia wala kushoto, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika historia ya Wandegeya magari yote yalisimama yakampisha. Moreen akalelewa chini ya meza ya chapati. Akajifunza kutembea kwa kushika magoti ya wateja.

Aliyekuja kumponza Nanyama hakuwa Egesa. Alikuwa mtoto wake mwenyewe aliyempenda.

Cleopas alikuwa na chama cha watu wa ukoo, wanakutana Jumapili karibu na Nakivubo, juu ya duka la vipuri. Kule Funyula, mwanamume hawezi kujenga kwao kabla nyumba ya mama yake haijasimama. Cleopas alikuwa amepita miaka thelathini na mitano. Akitaka kusema mkutanoni, vijana wadogo waliojenga vibanda vya udongo walimkatiza: wewe huna hata paa la kuning'iniza kengele, kaa. Akavumilia mwaka, akavumilia wa pili. Wa tatu akatuma matofali Funyula kwa siri. Nyumba ikasimama, vyumba vitatu, bati la buluu. Aliyechagua mahali pa kuijenga ni Egesa, hatua ishirini kutoka kaburi la Wandera.

Alikuja kumwambia mama yake siku ya Jumatatu, amevaa tai.

"Mama, nimekujengea."

"Umenijengea nini?"

"Nyumba. Nyumbani. Wazee wanataka uje Desemba uwashe moto."

Nanyama aligeuza chapati. Akaigeuza tena ingawa ilikuwa tayari.

"Hiyo nyumba nitakaa lini?"

"Utakuwa unakwenda kutembea. Krismasi. Na baadaye..." Cleopas akaangalia viatu vyake.

"Baadaye ndiyo wanayoitaka," alisema Nanyama. "Umenijengea mlango wa kutolea jeneza, mwanangu. Bati lake ni zuri lakini."

Nyumba kule si ya aliyenunua matofali, wala ya mwenye ardhi. Ni ya mwanamke anayewasha moto wa kwanza kwenye mafiga yake. Akishawasha akapika, hata kama ni uji wa kikombe, nyumba inaitwa kwa jina lake, na hakuna mtu mwingine mwenye ruhusa ya kuuzima moto ule. Siku akifa, afie China, ukoo utasema nyumba yake hii hapa, moto wake huu hapa, mleteni. Egesa alijua. Nanyama alijua. Cleopas naye alijua, ila alikuwa amechoka kuambiwa akae.

Kila mtu alitarajia dari la kibanda lipate alama ya pili. Nanyama hakupandisha sauti. Akasema atakwenda. Kaltumi alipomuuliza anakwenda kufanya nini kwa wale watu, alijibu anakwenda kuona bati. Kaltumi, aliyemjua, akamwambia: "Ya Nanyama, wewe ukinyamaza mimi huogopa kuliko ukipiga kelele." Wakacheka mpaka Kaltumi akashika ukuta.

Akaenda na Celestine na Moreen, Cleopas akiwa ametangulia.

Wazee walikuwa wamepanga viti mlangoni. Egesa alikuwa amezeeka, ana fimbo, lakini shingo ilikuwa ile ile. Alimkaribisha mke wa kaka yake kwa maneno matamu, akasema mwanamke huyu amezunguka sana, sasa amefika. Ndani mafiga matatu yalikuwa yamepangwa, kuni zimewekwa, sufuria ya maji kando. Mke wa Egesa akampa Nanyama kiberiti kwa mikono miwili.

Nanyama alikipokea. Akakitikisa sikioni kusikia kama kina njiti. Kisha akakigeukia kiganja cha binti yake akakibandika pale.

"Celestine. Piga magoti uwashe."

Hata kuku waliokuwa wanadonoa uani wakasimama mguu mmoja. Celestine akapiga magoti. Njiti ya kwanza ikazimika. Ya pili ikavunjika. Nanyama hakumsaidia. Alisimama tu nyuma yake amejaza mlango, na mzee yeyote aliyetaka kupita alikuta hakuna pa kupitia. Njiti ya tatu ikashika majani, majani yakashika kuni.

Egesa akapata ulimi. "Binti aliyeolewa hana nyumba kwa baba yake. Huo ni mwiko. Huyo amerudi na mtoto wa watu, leo mnampa mafiga hapa ndani ya boma langu?"

"Wewe ulimwambia baba yake akiwa kaburini kwamba utawatunza watoto wake," alisema Nanyama. "Nimekuletea mmoja. Mtunze."

"Nyumba ni yako, mama Cleopas. Ilijengwa kwa jina lako."

"Shemeji, unauona moshi? Uite urudi ndani ya kuni."

Mzee mmoja akaguna, na haikujulikana kama ni hasira au kicheko. Egesa akamgeukia Cleopas. Alisema matofali ni ya Cleopas, na mwanamume aliyenunua matofali anaweza angalau kumwaga maji kabla chakula hakijapikwa. Kabla ya chakula moto ni moto tu. Akaisukuma sufuria ya maji kwa fimbo mpaka miguuni pa Cleopas. Kama anataka kujenga, kama anataka kusema mkutanoni, achukue ile sufuria.

Cleopas aliinama. Aliishika.

Nanyama hakumzuia. Alimuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa:

"Siku ya Taaka, ulishika sanduku upande gani?"

Cleopas akabaki ameinama. "Upande wa kichwa, mama."

"Lilikuwa zito?"

"Halikuwa zito."

"Ndiyo," alisema Nanyama. "Hicho ndicho kilichonishinda mpaka leo. Halikuwa zito. Na hawa walisema hapa hapana nafasi."

Cleopas akasimama na ile sufuria. Akapita mbele ya Egesa, akaitua juu ya mafiga, juu ya moto wa dada yake, maji yachemke. Kisha akatoka nje bila kumwangalia mtu, akarudi na kuni mkono mzima, akaziweka karibu na Celestine. Moreen akaleta unga. Ugali ule ulikuwa na madonge, Celestine hakuwa na mkono siku ile, lakini ulipikwa ukaiva, na nyumba ikawa na mwenyewe. Egesa alikataa kula. Tumbo lake lilinguruma kwa sauti kubwa hata mbwa wa jirani akaanza kubweka, na bado akakataa. Kwa hilo lazima asifiwe.

Cleopas hakujenga Funyula tena, na juu ya duka la vipuri hakurudi. Alipata kitu kingine: Jumapili alianza kumsindikiza mama yake Naguru, akalima majani kwa mikono yake ya karani, kati ya matofali manne na msalaba mdogo. Celestine alibaki kwenye bati la buluu, akapanda mihogo na njugu, akazaa maneno ya kijiji miaka miwili kisha kijiji kikachoka. Nanyama aliendelea na moto wake Wandegeya, Moreen akisukuma na yeye akigeuza, miaka minane mingine. Alifariki mchana mmoja baada ya kula, katikati ya kumkaripia mtu kwa kuacha maharagwe kwenye sahani. Moreen anasema aliyekaripiwa alimaliza sahani nzima, akiwa analia.

Ukoo ulikuja. Wazee wanne, Egesa na fimbo yake, na mkewe, na gari la kubebea. Walisema wamekuja kumchukua mke wao. Cleopas aliwapa viti na chai. Kisha akawaambia hana kinyongo, watamchukua sasa hivi, na yeye atashika upande wa kichwa. Wamwonyeshe tu nyumba yenye moto wa Nanyama, wampeleke huko.

Walinong'ona muda mrefu. Nyumba ya bati la buluu ilikuwa ya Celestine, na maiti ya mama haitolewi kwenye mafiga ya binti. Mzee mmoja akapendekeza alazwe usiku mmoja nyumbani kwa Egesa, kwa heshima. Hapo mke wa Egesa, mwanamke aliyekuwa hajasema neno hadharani tangu aolewe, akaweka kikombe chini akasema kwamba juu ya mafiga yake yeye, Nanyama hatapita, wala akiwa hai wala akiwa amekufa. Labda ni wivu wa zamani wa lile koti. Labda alimpenda Nanyama kuliko wote. Hakuulizwa, na gari likarudi tupu, wazee wakabaki kwa maziko.

Walimzika siku ya pili, kwenye vipimo vyake. Matofali mawili yalikuwa yamezama, ilibidi yachimbuliwe. Alitosha sawasawa, ingawa wengine walidai kwamba shimo lilijivuta kidogo alipoteremshwa, maana si mtu wa kubanwa.

Udongo wa kwanza ni haki ya ukoo wa mume. Wazee walijua hilo, basi wakasimama wamekunja mikono, wakingoja waombwe. Dakika zikapita. Katekista mpya akakohoa. Cleopas akaangalia mbele.

Kaltumi, miaka yake imepita themanini, mtandio umefungwa kidevuni, hakuwa mtu wa kungoja Wasamia. Aliinama polepole, mkono mmoja kwenye bega la Moreen, akachota udongo kwa kiganja, akautupa, akachota tena. Akafuata Celestine. Akafuata Cleopas, akafuata Moreen, wakafuata wauza nyanya wa Wandegeya, na mwanamume mmoja wa suti aliyekuwa ameshuka kwenye gari la vioo vyeusi bila kuambiwa. Foleni ikazunguka ua wote wa michongoma.

Egesa alijipanga nyuma kabisa. Hakuna aliyemwita mbele, na hakuna aliyemfukuza.